Gari ya Soo Mbili Ikiwa na Noma, Nani Atakushtua?

Agosti 2007, Mattel, wale wasee wa Barbie, waliambia dunia irudishe vichezeo kama milioni 18. Vilikuwa na sumaku ndogo zinazochomoka. Mtoi akimeza mbili, zinavutana ndani ya matumbo mpaka zinatoboa. Siku hiyo hiyo wakaitisha gari ya Sarge, ile ya filamu ya Cars, juu ya rangi yenye madini ya risasi.

Sasa rudi Eastlands. Umebuyia mtoi wa sistako gari ya taa pale Kamukunji, soo mbili, ukadandia mathree ya Kayole. Risiti hakuna. Boksi halina hata jina la kampuni. Kiwanda kikigundua hiyo kitu ni hatari, kitakupata wapi? Tangu 2005 KEBS wanataka mali ikaguliwe kabla ipande meli, na hunasa mingi. Sawa. Lakini wakinasa kontena leo, ile iliuzwa jana kwa gunia tayari iko chini ya kitanda Umoja.

Kwa hivyo cheki mwenyewe, hapo hapo kwa mchuuzi, kabla utoe doo. Kifuniko cha betri kikifunguka na ukucha, bila skrubu, wachana nayo. Zile betri za duara kama kifungo cha shati zikikwama kooni zinachoma nyama ndani ya masaa mawili, na mtoi anaweza kaa tu kama ana homa. Ukishuku amemeza, usingoje asubuhi manze. Hosi saa hiyo, apigwe eksrei, na ubebe hiyo gari daktari aione.