UJUZI UBAKI MANISPAA

Kila masika yanapokaribia, mabaraza yetu ya manispaa huulizwa suali lile lile: je, mitaro imezibuliwa? Ni suali la haki, lakini halitoshi. Wananchi wa Ng'ambo na Mwanakwerekwe, wanaojua maana ya kukesha wakiteka maji chumbani kwa ndoo, wanayo haki ya kuuliza na jengine: ni nani ndani ya manispaa mwenye ujuzi wa kukadiria maji hayo yatatoka wapi na yataishia wapi?

Mji wetu haukupata kukosa mipango. Ramani kuu ya 1923 ilichorwa na Bwana Lanchester wa Uingereza. Ikafuata ya 1958, nayo ya wakati wa ukoloni. Ya 1968 tukachorewa na Wajerumani wa Mashariki, na ya 1982 tukachorewa na Wachina. Hatuwadharau wageni hao, kwani walikuwamo mabingwa wa kazi. Lakini kila walipomaliza, ramani zilibaki kabatini, na sehemu kubwa ya ujuzi wa kuzichora ikaondoka nao.

Leo jambo hili limezidi uzito, kwa sababu hali ya hewa inabadilika na kina cha bahari za dunia kinapanda. Jina la Darajani latukumbusha daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, mkono ambao ulifukiwa katika karne iliyopita. Bahari haikuisahau njia yake. Wakati wa bamvua maji ya chumvi huchungulia Mnazi Mmoja; na mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mtaro hata ukijengwa vizuri vipi hauna pa kumwaga. Mtumishi anayejua kuoanisha saa za maji kujaa na kupwa na utabiri wa mvua ndiye awezaye kuwaambia masheha mapema ni mtaa gani uhame usiku huo. Kipimo cha bandarini kimekuwa kikiandika kina cha bahari tangu 1984. Tunauliza: ni watumishi wangapi wa manispaa waliofundishwa kuyasoma maandishi hayo?

Kwamba jambo hili lawezekana hatuna shaka. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Waliozirusha walikuwamo wanafunzi wetu wenyewe. Walifundishwa kazini, kwa kuifanya kazi yenyewe, na ujuzi huo ukabaki visiwani.

Tofautisha na semina. Hufunguliwa kwa hotuba, washiriki wakapewa mikoba na posho, na siku ya tatu hufungwa kwa vyeti. Mtumishi arudipo ofisini hukuta meza yake haina kompyuta, na pengine baada ya miezi michache huhamishiwa leseni za biashara. Hatusemi semina zifutwe. Twasema fedha nyingi zimeishia chai na maandazi.

Mkakati wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Zanzibar umekuwapo tangu 2014. Kilichopungua ni watu wa kuutekeleza mitaani. Maji ya mvua hayaulizi mpaka wa Mjini, Magharibi A wala Magharibi B, kwa hiyo si lazima kila baraza liwe na bingwa wake. Matatu hayo yaweza kuwa na kitengo kimoja cha wahandisi na wachora ramani, chenye nafasi za kudumu na mishahara isiyowakimbiza, kikipokea vijana kutoka Chuo Kikuu na Taasisi ya Karume kila mwaka. Na kila mkataba wa ujenzi wa mitaro au ukuta wa pwani utakaotiwa saini na mfadhili au mkandarasi wa nje uwe na sharti la kufundisha watumishi wetu tangu siku ya kupima ardhi hadi ya kukabidhi.

Tunamwomba Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aziingize nafasi hizo katika makadirio ya mwaka ujao wa fedha. Vitabu vya bajeti vitakapofikishwa Baraza la Wawakilishi, tutakitafuta kifungu hicho.