Mtoto Hafungiwi Kama Mbuzi



Msimu wa kahawa ukifika, na siku za soko la Tengeru, yaani Jumatano na Jumamosi, nyumba zetu nyingi hubaki tupu. Wakubwa wako shambani au sokoni, watoto wako shule. Leo tunasema juu ya mtoto mdogo mwenye usonji. Huyu akiachwa peke yake nyumbani hulia mpaka sauti inakauka, hujigonga kichwa ukutani, au hutoka mbio kumfuata mama.

Maneno tunayasikia kwenye mizani ya kahawa. Wako wanaosema mtoto huyo amedekezwa, achapwe. Wako wanaosema amerogwa. Wako wanaoshauri apigiwe kufuli ndani ili mama yake aje kwenye kazi za Chama kama wenzake. Hebu jamani tulitazame jambo hili sawasawa.

Usonji si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo, na mtoto huanza nayo tangu mdogo sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kata yenye watu 10,000 ingekuwa nao karibu 80. Basi wako kwetu pia, ila wengine wamefichwa.

Sasa hofu yake inatoka wapi? Sisi tukiambiwa "narudi sasa hivi" tunaelewa, maana tunajua sasa hivi za hapa kijijini: mtu anakwenda kununua chumvi, anarudi jioni. Wengi wa watoto hawa hulichukua neno kama lilivyo. Sasa hivi imepita, mama haonekani. Kwake yeye mama amepotea. Tena hushikilia sana utaratibu, na jambo likibadilika ghafla hutetemeka kweli kweli. Hiyo siyo deko.

Kufuli haiondoi hofu, inaiongeza. Ndani mna jiko na mafuta ya taa. Moto ukiwaka, nani atafungua? Na mlango ukiachwa wazi bila mtu, iko mifereji yetu ya kumwagilia. Watoto wa hali hii hupenda kutangatanga, wengi huvutwa na maji, na wengine duniani wamekufa maji hivyo hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mzazi amlinde mtoto asitelekezwe, na inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu bila heshima.

Basi tufanye nini? Tunashauri haya:

1. Mtoto mdogo asiachwe peke yake hata kidogo. Akae na mtu mzima anayemjua, na awe yule yule kila mara, sio leo huyu kesho yule. Mtu huyo aje kwanza siku kadhaa mama akiwepo, ndipo mama aanze kutoka.

2. Usimtoroke mtoto. Ukinyata na kupotea, kesho hatakuachia hata kwenda chooni. Muage kwa maneno yale yale kila siku, mafupi.

3. Mpe alama ya kuona kwa macho. Chora kwa mkaa kwenye kipande cha boksi: mama anaondoka, mtoto anakunywa uji, mama anarudi. Ukimwambia utarudi kengele ya shule ikilia, rudi kengele ikilia.

4. Anza kidogo. Mwache na huyo anayemjua, nenda jikoni, hesabu mpaka kumi, rudi. Siku nyingine fika zizini, halafu njia panda. Akizidiwa, rudi hatua moja nyuma. Ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi.

5. Acheni vitisho vya fisi, zimwi na polisi. Mtoto huyu anaweza kuyaamini yote.

6. Chunguza kinachomtisha. Pengine siyo upweke tu. Huenda ni mvua juu ya bati au mashine ya kumenya kahawa, maana wengi wao masikio yao hayavumilii kelele.

Mzazi aanzie zahanati, aombe kuandikiwa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, na ikibidi KCMC kule Moshi. Dawa ya kuondoa usonji haipo, na anayekuuzia anakudanganya. Lakini mafunzo yanasaidia, na mtoto akiwa pia na kifafa, kifafa kina dawa zake. Wala tusisahau kwamba Chuo cha Ualimu cha Patandi, kinachofundisha walimu wa elimu maalum, kiko hapa hapa Tengeru. Chama kikiandike barua, kiombe mwalimu aje Jumapili moja atufundishe.

Yanayobaki ni ya kwetu wenyewe. Tunapendekeza kila nyumba yenye mtoto wa namna hii ipate majirani wawili wa kukaa naye siku za soko na siku za kuchuma. Tunajua anayekaa na mtoto kahawa yake inaivia mtini. Kwa hiyo wenzake wamchumie, kila mmoja debe moja. Kwa watu wengi hilo ni jambo dogo, kwa mtu mmoja ni mzigo wa kumvunja mgongo. Tena mama anayelea mtoto kama huyu asiandikwe mtoro kwenye daftari la Chama. Apewe kazi ya kufanyia nyumbani, kama kuchambua maharage ya mbegu.

Mkono mmoja haulei mwana. Tulijiunga kwenye Chama ili mnyonge asibaki peke yake mbele ya mnunuzi wa kahawa. Itakuwa ajabu tukimwacha peke yake mtoto wetu nyuma ya kufuli.

Jambo hili liingie kwenye mkutano mkuu ujao. Wanaojitolea kukaa na watoto wampe Katibu majina yao kabla ya siku hiyo.

Wahariri wa Ubao