Swali Ambalo Majaji Walituachia



Ndugu zangu waamini wapendwa,

Wiki iliyopita nilikuwa safarini kwenda kuadhimisha Misa katika kigango kimoja cha upande wa delta. Tulipofika Nyamisati maji yalikuwa yamekupwa na mashua haikuweza kuondoka, hivyo tukaketi kivulini pamoja na wazee wa pale, Wakristo kwa Waislamu, tukingoja maji yajae. Mazungumzo yalianza na bei ya korosho, na kama ilivyo desturi ya nchi hii yetu ya Kibiti, hayakukawia kufika kwenye yale mauaji.

Mzee mmoja, ambaye ndugu yake alikuwa mmoja wa viongozi wa vitongoji waliouawa, aliniuliza: “Baba, mtu aliyeua kwa makusudi akahukumiwa kunyongwa, kwa nini hanyongwi? Kwa nini anakula chakula cha serikali na sisi tunalea yatima?” Nilianza kumjibu kwa maneno niliyofundishwa seminarini. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Ni kweli, Baba. Lakini wewe hujafiwa.” Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Tafakari yangu ya juma hili ni jaribio la kumjibu mzee huyo vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile.

Wengi wenu mnayakumbuka mambo yale kuliko mimi, kwa kuwa niliwakuta mmekwisha kuyapitia. Hadi kufikia katikati ya mwaka 2017, zaidi ya watu thelathini walikuwa wameuawa katika maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama, askari. Tarehe 13 Aprili 2017 peke yake waliuawa askari polisi wanane. Wapo pia waliotoweka, akiwamo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo na ambaye hajaonekana tangu Novemba 2017. Mahali kama hapa padri hawezi kusema habari za kitanzi kijuujuu.

Basi tuanze na Mahakama yenyewe. Mtume Paulo, alipoona kwamba hatapata haki mbele ya Festo kule Kaisaria, alikata rufaa kwa Kaisari. Tangu zamani binadamu amejua kwamba hakimu wa kwanza aweza kukosea, na kwamba lazima pawepo mlango mwingine wa kubisha. Hapa kwetu mlango wa mwisho ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Huketi majaji wasiopungua watatu, na wakiisha kuamua, hakuna mahakama nyingine juu yao nchini.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri lililosikilizwa Dodoma na kujulikana kama kesi ya Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba yetu. Shauri likafika Mahakama ya Rufani. Mwaka 1995 majaji watatu, Makame, Ramadhani na Lubuva, wakatoa hukumu ambayo naona kila Mkristo wa nchi hii angepaswa kuijua. Walikubali kwamba kumnyonga mtu ni adhabu ya kikatili, inayotweza utu wake. Hata hivyo walisema kwamba Katiba, katika ibara ya 30, inaruhusu sheria ya namna hiyo kwa manufaa ya jamii, na kwamba ni juu ya jamii kuamua kama adhabu hiyo bado inahitajika. Hivyo kitanzi kikarudishwa.

Yatazameni vizuri maneno hayo, ndugu zangu. Mahakama ya juu kabisa ilikiri kwamba jambo hili ni la kikatili, kisha ikaligeuzia taifa uso na kusema: amueni ninyi. Siwalaumu majaji wale kwa dharau. Walikuwa watu wa sheria, wakaishika sheria kama walivyoielewa. Mmoja wao, Augustino Ramadhani, alikuja kuwa Jaji Mkuu kuanzia mwaka 2007 hadi 2010, na baada ya kustaafu akawa kasisi wa Kanisa Anglikana, hadi alipofariki mwaka 2020. Sidhani kwamba mtu wa namna hiyo alitia saini hukumu ile kwa moyo mwepesi. Ninalosema ni kwamba swali waliloliacha mezani ni letu, na sisi tumeliacha papo hapo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Wengine hawakuliacha. Mwaka uleule wa 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta adhabu ya kifo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataa sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo, na ya Kenya ikafanya hivyo Desemba 2017. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ulazima huohuo katika sheria ya Tanzania unavunja haki ya uhai. Kanisa nalo limetembea. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mazingira ya kuhalalisha adhabu hiyo ni adimu mno. Mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu, namba 2267, nayo sasa yafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kamwe. Sisi tumesimama katikati ya mto. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hataidhinisha kunyongwa kwa mtu. Lakini majaji wameendelea kutamka hukumu ile, na waliohukumiwa wameendelea kuishi wakikisubiri kifo kisichokuja wala kisichoondoka.

Sasa namgeukia mzee wangu wa Nyamisati, na nina mambo matatu ya kumwambia.

La kwanza ni usiku. Mauaji yetu mengi yalifanyika gizani, na wauaji walitoweka porini. Mahakama ya Rufani yenyewe, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilifundisha kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na kwamba hautegemewi mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Mwanga ulikuwa wa namna gani? Shahidi alisimama umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Alimfahamu kabla ya siku ile? Wengi wameachiwa huru katika rufaa kwa sababu maswali hayo hayakupata majibu. Mfungwa aliyekosewa twaweza kumfungulia mlango na kumwomba radhi. Aliyenyongwa kwa makosa, tutamwomba radhi wapi? Mzee wangu, ungependa ndugu yako alipiwe kwa damu ya mtu asiyehusika?

La pili nimejifunza kwa Mwislamu mmoja aliyekuwa katika baraza lile. Alisema: “Kwetu sisi wenye damu huulizwa. Wana haki ya kudai kisasi, wana haki ya kupokea fidia, na wana haki ya kusamehe.” Nilirudi nyumbani nikiyatafakari maneno hayo. Kifungu cha 197 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu hakimuulizi mjane chochote. Hakimwachii hata jaji nafasi ya kupima: akiisha kumtia mtu hatiani kwa kuua kwa makusudi, ukiacha mwanamke mjamzito na aliyetenda akiwa chini ya umri wa miaka 18, ni lazima atamke kifo. Twadhani kitanzi ni kwa ajili ya waliofiwa, kumbe waliofiwa hawamo kabisa. Hakimlipii mwanao ada ya shule, wala hakimwezeki mama yako nyumba. Tukitaka kumheshimu aliyefiwa, twende kwake.

La tatu ni Kaini. Hakuna shaka kwamba aliua, na aliyeuawa alikuwa ndugu yake asiye na hatia. Mungu alimhoji, akamhukumu, akamwondoa katika ardhi aliyoinywesha damu. Kisha akamtia alama ili mtu yeyote asimwue. Hakimu wa kwanza kabisa alikuwa na ushahidi wote, na hakunyonga. Kifungo cha maisha ni adhabu nzito. Kinailinda jamii, na kinamwachia mkosaji muda wa kutubu, muda ambao yule mnyang’anyi msalabani alijaliwa kwa saa chache tu.

Najua wapo watakaosema: “Baba, waulize watu wote wa Kibiti, wengi watataka wanyongwe.” Huenda ni kweli. Lakini kumbukeni Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Iliwauliza wananchi kuhusu vyama vya siasa, na walio wengi sana walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi, navyo vikaruhusiwa mwaka 1992, kwa kuwa haki ya wachache ilistahili kulindwa. Kama idadi haikutosha kuamua habari ya vyama, itatoshaje kuamua uhai wa mtu? Pilato naye aliwauliza wengi, akanawa mikono.

Mimi nina maoni kwamba jibu la swali lile la mwaka 1995 lingefaa kutoka hapa kwetu. Watu ambao hawajawahi kulala kwa hofu wakisema “msinyonge,” wataambiwa kwamba hawajui uchungu. Lakini Kibiti ikisema, Rufiji ikisema, nani atatujibu kwamba hatujui?

Naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zilizungumze jambo hili juma hili, bila kuwanyamazisha wale wasiokubaliana na paroko wao. Kila Jumuiya itaje pia familia moja iliyofiwa wakati ule, iwe ya Kikristo au ya Kiislamu, na ione inahitaji nini kabla ya masika. Nami nimeahidi kurudi kwa yule mzee, maji yakijaa au yakikupwa. Safari hii nitasikiliza kwanza.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu