Bomu la Saanane si la Kuchekesha

Imekuwa desturi, kila vinapotajwa Vita vya Kagera, shambulio la Mwanza kusimuliwa kwa kicheko. Ndege ya Libya, Tupolev 22, iliyotumwa mwishoni mwa Machi 1979 kulipua matangi ya mafuta, ilikosa shabaha. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, yakaua swala wa bustani ya wanyama. Mabingwa wetu wa tungo huishia hapo: Gaddafi kapigana na swala, tucheke twende zetu. Hata yule mtu mmoja aliyeripotiwa kujeruhiwa hatajwi.

Mimi sicheki. Nilikuwa mtoto Mwanza mwaka ule, kabla wazazi wangu hawajarejea kwetu Ikinga, huku Ileje, mpakani na Malawi. Nakumbuka mshindo uliotikisa bati, na mama akitusukumiza mvunguni mwa kitanda. Hatukuambiwa kwamba bomu limekosa. Habari hiyo huwafikia watu baadaye, wakishamaliza kutetemeka. Na mji ule haukuogopa bure. Ndege za Idi Amin ziliupiga Septemba 1972, na Bukoba pia, raia wakafa.

Nashangaa basi kuona ushairi wetu wa vita hivyo umejaa majemadari na shangwe za ushindi, wala mtoto wa mvunguni hamo. Nitaambiwa utenzi una ada yake, ni wa mashujaa. Nani kaiweka? Nyinyi wa Pwani mwajua uchungu huu. Mizinga ya Waingereza ilipobomoa kasri la Unguja tarehe 27 Agosti 1896, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Hata leo wageni huvicheka vita vile kwa ufupi wake, dakika zisizotimia hamsini, nasi hukasirika, tena kwa haki. Mbona vya Mwanza twavicheka wenyewe?

Nadhani twacheka ili tusiulizwe la pili. Baada ya shambulio lile, ndege zetu nazo zilikwenda kupiga Kampala, Jinja na Tororo. Kulikuwa na watoto huko. Sisemi vita havikuwa vya haki. Nasema mvungu wa Jinja ulikuwa na giza lile lile. Miaka mingi natafuta, niufasiri, utungo wa Mganda wa rika langu aliyelala humo. Nikiupata nitauleta kurasa hizi hizi, na anayetaka kucheka acheke akiusoma.