NANI ASHIKE UFUNGUO?

Mwezi huu tuzungumze juu ya kugawana kazi katika kikundi. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeenea vijijini mwetu. Wengine huviita vikoba, wengine huviita vikundi vya hisa. Fedha zilizomo sandukuni ni ada za watoto. Ni mbegu na mbolea. Ni bati za kuezekea nyumba. Kikundi kikivunjika, hayo yote hupotea, na majirani huacha kusalimiana.

Kikundi huweza kuvunjika bila ya mwizi kuingia. Huvunjika kwa sababu kazi imepewa mtu ambaye haimfai.

TUNAJUA KUGAWANA KAZI

Tazama mambo yanavyokwenda kijijini wakati wa msiba. Jua halijapanda, kila kazi imekwisha pata mwenyewe. Anayeandika vizuri hukaa na daftari la rambirambi. Wenye nguvu huchukua majembe na sururu kwenda makaburini. Anayejua kukadiria chakula cha watu wengi husimama penye masufuria. Kijana mwenye baiskeli au pikipiki hupeleka habari kwa ndugu walio mbali. Mzee mwenye maneno ya upole hukaa na wafiwa. Hakuna anayempa mtu daftari kwa sababu tu ana ng'ombe wengi.

Lakini siku ya kuchagua viongozi wa kikundi, tunasahau. Mwenye duka anakuwa mwenyekiti. Mwenye sauti kubwa anakuwa katibu. Ufunguo anapewa shemeji ya mwenyekiti.

Kwa nini tunafanya hivyo? Msibani tunatazama kazi. Mkutanoni tunatazama heshima. Tunagawa vyeo kama watu wanaogawa zawadi. Wahenga walisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Basi kwanza tuitazame kazi, kisha tumtafute mwenye ubawa wa kazi hiyo.

KAZI ZA SANDUKU

Vikundi vya namna hii vilianza nchini Niger mwaka 1991, kati ya akina mama wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE. Wengi wao hawakujua kusoma. Hesabu walizitunza kichwani. Leo vikundi kama hivyo vipo katika nchi nyingi za Afrika. Vingi hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Tutazame kazi zake moja moja.

Mwenyekiti. Kazi yake ni kuongoza mazungumzo na kulinda katiba ya kikundi. Anatakiwa mtu mwenye subira, anayesikiliza, asiyependelea. Mtu anayesema sana hafai hapa, kwa sababu atakapomaliza kusema, muda umekwisha, na wenye maneno ya maana wamenyamaza. Mtazame mtu ambaye majirani humwendea wakigombana. Huyo ana kipaji cha uenyekiti, hata kama hana duka.

Mwandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwandishi anatakiwa kuwa na mkono safi na roho ya utulivu. Asione haya kusema, "Subirini, nimekosea, nirudie." Si lazima awe amesoma kuliko wote. Mhitimu wa kisomo anayeandika polepole na kuhudhuria kila mkutano ni bora kuliko msomi anayekuja mara moja kwa mwezi.

Fanya hesabu hii. Hisa moja ni shilingi 2,000. Mwandishi mwenye haraka anakosea hisa moja tu kila wiki. Mwaka una wiki 52. Mwisho wa mwaka hesabu imepotoka kwa shilingi 104,000. Hakuna aliyeiba, lakini watu wataitana wezi.

Wahesabu fedha. Hawa huwa wawili. Mmoja anahesabu, mwenzake anarudia. Wanatakiwa watu wasiobabaika kelele zikitokea. Wahesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Mama anayeuza mboga sokoni huku akibishana na wateja watatu, na chenji haimpotei, ana kipaji hiki tayari.

Washika funguo. Kufuli ni tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Mwenyekiti na mwandishi hawashiki ufunguo. Watu wengi hudhani kazi hii ni ndogo. Si ndogo. Mshika ufunguo akichelewa saa moja, watu 25 wanakaa bure saa moja. Hizo ni saa 25 za kazi ya shamba. Kwa hiyo mfanyabiashara anayesafiri kila juma hafai, hata kama ni mwaminifu sana. Anafaa mtu wa nyumbani, anayetimiza ahadi, asiyepoteza vitu. Tena hao watatu wasiwe wa nyumba moja wala ukoo mmoja. Ni vizuri kila mmoja atoke kitongoji chake.

Mtunza sanduku. Huyu hukaa na sanduku nyumbani. Hashiki ufunguo hata mmoja. Anatakiwa mtu mwenye nyumba imara, anayejua kunyamaza. Mtu anayependa kusimulia habari zake kilabuni anaweza kuwa mwema, lakini sanduku lisilale kwake.

Kufuli hizi tatu zina maana. Kufaa kwa kazi ni jambo moja, na majaribu ya fedha ni jambo jingine. Hata mtu mwema hupata shida ya usiku. Kufuli tatu humlinda yeye pia, ili asishawishike, wala asisingiziwe.

Vikundi vingine siku hizi huweka fedha benki au kwenye simu. Kanuni ni ile ile. Anayeshika simu asiwe ndiye peke yake anayejua namba ya siri.

KIPAJI MAHALI PASIPOFAA

Ndugu msomaji, tabia moja inaweza kujenga au kubomoa. Inategemea umeiweka wapi.

Chukua mtu mkali. Akiwa mwenyekiti, wanyonge hawafungui midomo. Akiwa mtoza faini, wachelewaji wanaanza kufika mapema. Ukali ni ule ule.

Chukua mtu mwenye huruma. Mkimtegemea katika kupitisha mikopo, atamkubalia kila anayelia, na fedha hazitarudi. Mpeni kazi ya mfuko wa jamii, ule wa kusaidia wagonjwa na wafiwa. Ataijua kila nyumba yenye shida kabla hamjaambiwa.

Na yule mwenye sauti kubwa? Msimtupe. Atangaze mikutano. Awakumbushe watu siku za marejesho. Kikundi kikitaka kuuza mahindi kwa pamoja, yeye ndiye akabishane na mnunuzi juu ya bei. Huko sauti yake ni mali ya wote.

Yupo pia yule mkimya anayekaa nyuma na kukumbuka kila kitu. Katika vikundi vingi, mwisho wa mkutano salio hutajwa kwa sauti, na wote huambiwa walikumbuke. Mkutano unaofuata huanza kwa kuuliza, "Tulibakiwa na kiasi gani?" Mwulizeni yeye kwanza. Akitaja kiasi kilicho tofauti na cha daftari, hesabuni fedha tena.

UTAMTAMBUAJE ANAYEFAA?

Maneno ya mtu juu yake mwenyewe hayatoshi. Fanyeni mambo haya manne.

1. Itajeni kazi kwanza, jina baadaye. Semeni wazi kazi hiyo inataka nini: muda, utulivu, maandishi, au kukaa nyumbani. Kisha ulizaneni nani anavyo vitu hivyo.

2. Tazameni anachokifanya sasa. Anayerudisha jembe la kuazima siku aliyoahidi, atakuja na ufunguo kwa wakati.

3. Mjaribuni. Wanaotaka kuhesabu fedha wapeni kila mmoja punje 100 za mahindi zilizochanganywa na punje chache zaidi. Wahesabu huku wengine wakizungumza. Mtaona wenyewe nani anabaki na hesabu yake.

4. Pigeni kura ya siri. Wasiojua kuandika watumie vijiwe au punje. Watu wakinyosha mikono mbele ya tajiri, mikono humfuata tajiri.

Jihadharini na mazoea pia. Katika vikundi vingine kuna akina mama ishirini na wanaume watatu, na kalamu hupewa mwanamume bila kuuliza. Huenda mwandishi bora amekaa mkekani na mtoto mgongoni. Vijana nao husahauliwa kwa kuwa ni vijana.

MTU HUJIFUNZA

Kumpa mtu kazi inayomfaa leo si kumfunga kamba maisha yake yote. Asiyejua kuandika anaweza kujifunza. Wewe unayesoma gazeti hili ni ushahidi wa jambo hilo. Kwa hiyo kila mwandishi awe na mtu wa kukaa kando yake na kujifunza. Mwandishi akiugua, kazi isilale.

Mzunguko wa kikundi ukiisha, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, fedha hugawanywa na viongozi huchaguliwa tena. Huo ndio wakati wa kubadilishana. Aliyeshindwa kazi moja asifedheheshwe. Mwambieni, "Ndugu yetu, kazi ile haikukufaa. Hii hapa itakufaa." Atabaki nanyi. Mkimwaibisha, ataondoka na nduguze, na sanduku litapungua.

Ndugu msomaji, safari hii mkikutana, usiulize nani mkubwa. Uliza kazi hii inataka mtu wa namna gani. Inawezekana mtu huyo ni jirani yako asiyependa kusema. Inawezekana ni wewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mwenyekiti na mwandishi hawashiki funguo?

2. Katika kikundi chenu, nani ana kipaji ambacho hakijatumika? Mpeni kazi gani?

3. Hisa moja ni shilingi 1,000. Mwandishi anakosea hisa mbili kila wiki kwa wiki 52. Hesabu itapotoka kwa shilingi ngapi?

4. Je, ufunguo mmoja upo kwa mtu anayesafiri mara kwa mara? Mtafanya nini?