Mzee Akisahau, Sisi Tukumbuke

Desturi yetu watu wa Pwani, mzee akianza kuuliza jambo moja mara nne kabla chai haijapoa, huambizana kwa sauti ya chini, "Ni uzee huo, amerudi utotoni," kisha mazungumzo yakageuzwa. Neno hilo husemwa kwa huruma, wala simlaumu anayelisema. Hata hivyo, ukilichungua utaona kwamba ni kukata tamaa kulikovikwa kanzu ya subira. Upande wa pili wako jamaa wasiokubali kabisa kwamba lipo jambo. Hao leo wako kwa mganga, kesho wako duka la dawa, keshokutwa wamesikia habari za mafuta yanayouzwa mji mwingine, mpaka fedha za nyumba zimekwisha na mzee amechoka kuburutwa huku na huku. Hao nao hudhani wana matumaini.

Kwa maoni yangu, wote wawili wamepotea njia mahali pamoja. Wanadhani kuwa na matumaini ni kungojea akili ya mzee irudi ilivyokuwa. Wa kwanza ameona hairudi, akanyamaza. Wa pili ameona hairudi, akazidi kukimbia. Mimi nasema kwamba yako matumaini ya namna mbili, na aila inayokabiliwa na maradhi haina budi kujua inahitaji yapi, na wakati gani.

Nitatoa mfano wangu Turkana, nchi ambayo wengi wetu huku chini huisikia habari zake pale tu ukame unapozidi.

UA MMOJA, MARADHI MAWILI

Mimi nimeoa Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, ambao joto lake humfanya hata mtu wa Mombasa atafute kivuli. Ndio mji ambao Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, baada ya kutolewa gereza la Lokitaung. Katika ua wa wakwe zangu maradhi mawili yaliingia kwa wakati mmoja.

La kwanza lilimpata mavyaa wangu, yaani mama mzaa mke wangu. Alikohoa wiki nyingi, akatoka jasho usiku, akakonda hata bangili zikamvuka mkononi. Makohozi yalipopimwa ilionekana ni kifua kikuu. Watu wengi wakisikia jina hilo huanza kushona sanda, lakini kifua kikuu cha kawaida kinatibika. Dawa ni za miezi sita, hutolewa bure katika hospitali za serikali, na sharti lake kubwa ni kutoziacha hata mgonjwa akijiona ana nguvu. Shemeji yangu alitundika kalenda ukutani, na kila asubuhi dawa ikishamezwa alipiga alama ya kalamu. Miezi sita ikatimia, mavyaa akapona, Alhamdulillahi.

Matumaini yale yalikuwa na kalenda. Yalikuwa na mwanzo na mwisho, na kazi yake ilikuwa kuhesabu.

La pili lilimpata bibi, mama wa mavyaa. Yeye hana cheti cha kuzaliwa, lakini alikuwa msichana Kenyatta alipoletwa Lodwar, basi umri wake ni kiasi cha miaka themanini. Alianza kwa kuweka vitu mahali asipoweza kuvipata tena. Kisha akasahau majina ya vitukuu. Halafu siku moja akatoka jioni, akasema anarudi kwao, naye yuko kwao. Kwa maradhi haya hakuna kalenda ya kutundika ukutani. Ndipo aila ikagawanyika: wengine wakanyamaza, wengine wakaanza safari za waganga.

KWANZA APIMWE

Kabla ya kusema lolote juu ya subira, nataka jambo hili lieleweke. Si kila kusahau ni uzee, wala si kila kusahau hakuna tiba. Mzee aliyepungukiwa na maji mwilini huchanganyikiwa, na katika joto la Lodwar, au la Lamu, jambo hilo ni jepesi kutokea. Ugonjwa wa njia ya mkojo humfanya mzee aweweseke. Upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingoni, huzuni nzito baada ya msiba, damu iliyovia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata baadhi ya dawa za usingizi, vyote hivi huweza kuvuruga kumbukumbu, na vingi vyao vina dawa. Kuna wazee pia wanaodhaniwa wamesahau, kumbe hawasikii vizuri.

Kanuni nyepesi ya kushika ni hii: kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kwa siku moja au mbili, ni jambo la kukimbiza hospitali bila kungoja. Kusahau kulikokuja pole pole kwa miezi na miaka nako kupimwe, ijapokuwa hakuna haja ya pupa. Mpaka hapo mzee anastahili yale matumaini ya kwanza, yenye kalenda.

Bibi alipimwa. Ilionekana ni maradhi yenyewe ya ubongo, ambayo waganga wa kizungu huyaita demenshia. Aina yake iliyo kubwa ina jina la daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani, aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye hali hii mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Zipo dawa za kupunguza baadhi ya dalili, lakini dawa ya kuyaponya haijapatikana. Basi hapa ndipo matumaini ya kwanza yanapofika ukingoni, na ya pili kuanza.

KILICHOBAKI NI KINGI

Maradhi haya yana mwendo wake. Mara nyingi huanza kula yale ya karibuni na kuacha ya zamani. Bibi hakumbuki kama amekunywa uji leo asubuhi, lakini atakusimulia askari waliokuwa wakimlinda Kenyatta, na ule ukame wa miaka ya 1979 hadi 1981 ambao Waturkana huuita Lopiar, na mnyama gani alikufa kwanza. Kiswahili alichojifunza ukubwani, sokoni, kilimtoka. Akabaki na Kiturkana chake cha utotoni.

Hapo nikaona jambo lililonishitua. Vitukuu wake, waliosoma shule za mjini, wanajua Kiswahili na Kiingereza, na Kiturkana chao ni cha kuombea maji. Basi bibi aliposema wao hawakuelewa, wakadhani anapayuka. Kumbe maneno yake yalikuwa yamenyooka, waliopungukiwa na lugha ni wao. Tangu mke wangu alipoanza kukaa naye na kuwafasiria watoto, nusu ya kile kilichoitwa kuchanganyikiwa kilitoweka, na bibi hakupona hata kidogo. Je, ndugu msomaji, nyumbani kwako hakuna bibi anayesema Kibajuni au Kiamu cha ndani ambacho wajukuu hukicheka?

Mikono nayo husahau mwisho. Wanawake wa Turkana husuka vikapu kwa majani ya mkoma, kama mama zetu wasukavyo ukili wa mikeka. Bibi akipewa majani yaliyolowekwa, vidole vyake hufanya kazi bila kuuliza kichwa. Hakuna anayeuza kikapu hicho, lakini saa mbili zile hatafuti njia ya kurudi kwao, kwani mikono yake imeshafika.

KUMBUKUMBU SI YA MTU MMOJA

Waturkana wana mpango wa zamani ambao nadhani una hekima kubwa kwa jambo hili. Wanaume wote wamegawanyika pande mbili: Mawe na Chui. Mtoto wa kiume hawi upande wa baba yake. Baba akiwa Jiwe, mwana huwa Chui, na mjukuu hurudi kuwa Jiwe. Yaani babu na mjukuu hukaa upande mmoja.

Bibi humwita mjukuu wake mmoja wa kiume kwa jina la marehemu mume wake. Wageni husikitika wakisikia. Lakini kwa hesabu ya Mawe na Chui, bibi hakwenda mbali na ukweli, kwani kijana yule amekaa mahali pa babu yake. Na sisi je? Si tunampa mtoto jina la babu yake, kisha tukamwita "babu" angali ananyonya? Si bibi zetu hutaniana na wajukuu, wakawaita "mume wangu"? Tulikuwa tumekwisha kujua kwamba mtu hakai ndani ya kichwa chake peke yake. Sehemu yake iko kwa wanawe, sehemu kwa majirani, sehemu kwa mjukuu aliyechukua jina.

Haya ndiyo matumaini ya pili. Hayangojei mzee akumbuke, bali humkumbukia. Anaposhindwa kujua yeye ni nani, wapo wanaojua, nao humwambia kwa upole, mara ya nne kama mara ya kwanza.

ASIYE NA WA KUMKUMBUKIA

Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni kama kilomita 120, na huko jambo hili huonekana kwa uchungu wake wote. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanza mwaka 2016, ina watu kama laki tatu: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Wahabeshi na wengineo. Waandishi wa ng'ambo hupenda kusema kwamba jina Kakuma ni Kiswahili, maana yake "pasipo mahali". Sisi wenye lugha hatulijui neno hilo, wala hakuna mahali pasipo mahali palipo na watu.

Wasomaji wa Mombasa watakumbuka kambi ya Utange na nyinginezo za Pwani, ambamo mlikuwa na watu wa Barawa wenye lugha iliyo ndugu ya Kiswahili chetu. Kambi hizo zilipofungwa katika miaka ya 1990, wakimbizi kadhaa walihamishiwa Kakuma. Baadaye wengi waligawanyika tena, huyu Marekani, yule Uingereza. Basi mfikirie mzee wa kambini anayeanza kusahau. Mji wake uko mbali, nduguze wametawanyika, nyumba za jirani zinafanana, na walioijua sauti ya baba yake hawapo. Kinachompata huyu ni kupoteza kumbukumbu mara mbili: ile ya kichwani mwake, na ile iliyokuwa kwa watu.

Tena liko jambo la chakula. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa chakula Kakuma ulikatwa sana. Mzee aliyesahau kwamba amekula huomba tena. Katika nyumba yenye akiba, anapewa kijiko kimoja ananyamaza. Katika nyumba isiyo na sahani ya pili, mama wa watoto afanye nini? Ninapowaomba watu wawe na matumaini sitaki nimsahau mama huyo. Mipango ya kambini iwaweke wazee karibu na jamaa na watu wa lugha yao, na wanaoandikisha majina waulize pia, "Nani anamjua mzee huyu tangu zamani?" Hata sauti iliyotumwa kwa simu na binti aliye ng'ambo, ikichezwa jioni, ni dawa isiyopatikana dukani.

DUA NA DAWA

Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwomba Mola amkinge na umri wa unyonge, basi kuuogopa si upungufu wa imani. Tumefundishwa pia kwamba kalamu huondolewa kwa aliyetokwa na akili. Mzee aliyekwisha kuswali adhuhuri akasimama kuiswali tena, asikemewe. Mwacheni aswali. Na Nabii Yaakub, aliyepofuka kwa kumlilia Yusuf, hakuacha kuwatuma wanawe watafute habari. Hakukaa akangoja tu.

Hali kadhalika tumwangalie anayemuuguza. Aghalabu ni mwanamke mmoja, binti au mkaza mwana, na wengine wote ni watoa salamu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kumpenda mzee kweli amshike zamu ya usiku mmoja kwa wiki, ili huyo mwanamke alale.

Na sisi ambao bado tunakumbuka tujitazame. Wataalamu waliokutanishwa na jarida la Lancet walisema mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya maradhi haya yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kwa kutibu presha na sukari, kuacha sigara, kushughulikia masikio na macho mapema, na kutomwacha mtu akae peke yake.

Basi atakayerudi nyumbani leo akamkuta mzee anauliza swali lile lile, asiseme "ni uzee huo." Ajiulize kwanza kama amepimwa. Akiwa amekwisha kupimwa, avute mkeka, akae, amjibu.