Stesheni ya Nyeri Isiyokuwa Nyeri

Mgeni anayeuliza stesheni ya reli mjini Nyeri huambiwa apande matatu. Iko Kiganjo, kilomita nane hivi kutoka mjini, ingawa zamani iliitwa Stesheni ya Nyeri.

Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, ikapanda polepole kuelekea mlimani, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikawa imefika Nanyuki. Shabaha yake ilikuwa ngano na ng'ombe wa walowezi, si wakazi wa Nyeri, ndiposa mji ukaachwa kando kwenye vilima vyake. Karatina ilikuwa na bahati zaidi. Reli ilipita papo hapo mjini, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili kulikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za wanajeshi.

Malori na matatu yakaipokonya kazi. Treni ya abiria ilipotea miaka mingi, nyasi zikameza mataruma.

Mwaka wa 2020 wafanyakazi wa reli, wanajeshi na vijana wa NYS waliikarabati njia hiyo, na Desemba abiria wakapanda tena, nauli Sh200 hadi Nanyuki. Watu walishangilia, na haki yao. Lakini hebu piga hesabu, mzazi mwenye watoto watatu na mizigo: treni ilikula karibu kutwa nzima, kisha ukishuka Kiganjo ulitafuta matatu nyingine. Ile ya kutoka Nairobi hukuteremsha Nyeri mjini kwa saa tatu hivi. Basi moja tu la kumpokea abiria pale Kiganjo lingebadilisha hesabu hiyo.